Maji ya Basini Jipya

Mama mmoja wa Butembo alipopita kwetu juma lililopita aliona basini letu la maji, akapiga mkono ukutani, akauliza: "Hili si ndilo mlilomaliza mwezi wa kumi na mbili? Mbona nasikia mlianza kunywa maji yake mwezi wa tatu?" Aliuliza akicheka. Sisi tulitazamana. Tulimpa jibu fupi kwa sababu gari lilikuwa linamsubiri. Jibu refu tunaliandika hapa, kwa kuwa tunajua vikundi vingine viwili vya wamama vinavyokusanya franka kwa ajili ya basini kama letu, na hatupendi wapitie tulikopitia.

Basini lenyewe ni dogo. Limekaa juu ya udongo, halikuchimbwa, kwa sababu fundi alisema chini kuna mawe na sisi hatukuwa na feza ya kuvunja mawe. Ndani lina mita mbili kwa mita mbili, na maji yakijaa yanafika mita moja na robo. Hiyo ni litre 5,000, yaani bidoni 250 za litre ishirini. Maji yanatoka kwenye bati la nyumba yetu ya mikutano, lenye mita nane kwa mita sita. Hesabu yake ni rahisi hata kwa aliyeacha masomo mapema: mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa litre moja. Mvua nzuri ya milimita thelathini juu ya bati letu inatoa litre 1,440, bidoni sabini na mbili, bila mwanamke yeyote kupanda kilima. Tulipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza tulinyamaza. Tulikuwa tunafikiri juu ya migongo yetu.

Tulilijenga kwa sababu ya wageni. Mwezi wa sita na wa saba 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, familia nyingi zilikimbilia upande wa kaskazini, na zingine zilifika kwetu na godoro kichwani na watoto mkononi. Nyumba iliyokuwa ya watu saba ikawa ya watu kumi na watano. Chemchemi haikuongezeka. Foleni ya bidoni ilianza saa kumi ya usiku, na mabinti wetu walikuwa wanatoka gizani kushika nafasi. Mama yeyote anajua kwa nini hilo lilitunyima usingizi. Watoto wadogo walianza kuhara, kwanza mmoja mmoja, halafu nyumba kwa nyumba.

Shirika moja lilitupatia simenti, unga wa klore unaoitwa HTH, na kisanduku kidogo cha plastiki cha kupimia maji. Mafunzo yalichukua nusu saa, tukiwa tumesimama, na mvua inakaribia. Hatulaumu sana, ila nusu saa ni kidogo.

Kisanduku hicho kina hadithi yake. Ndani kina vyumba viwili vya maji, na pembeni mwa kila chumba kuna safu ya rangi. Unaweka maji pande zote mbili, kidonge kimoja cha DPD upande huu, kidonge cha fenoli nyekundu upande ule, unafunga, unatikisa, unalinganisha rangi. DPD inaonyesha klore: maji yakiwa waridi kidogo klore ni kidogo, yakikolea klore ni nyingi. Fenoli nyekundu inaonyesha kitu kinachoandikwa pH, nasi tunakiita pe-ashi kwa Kifaransa. Binti yetu aliyesoma maandishi ya karatasi yake aliona kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye mabwawa ya kuogelea uani. Tulicheka sana. Hapa Kasugho hatujapata kuona bwawa la kuogelea, labda mtoni. Lakini ndivyo ilivyo: kule Ulaya baba wa nyumba anajaza bwawa lake la plastiki wakati wa joto, anachovya kisanduku hiki, anatafuta pe-ashi ya 7.2 mpaka 7.6 ili watoto wasiwashwe macho. Kisanduku hichohicho kimetumika katika kambi za wakimbizi na wakati wa kipindupindu, kwa sababu maji ni maji, na klore haijui kama inawekwa kwa ajili ya kuogelea au ya kunywa. Tofauti ni kiasi: bwawa la kuogelea linataka klore milligrama moja mpaka tatu kwa litre, maji ya kunywa kwenye robine yanatosheka na 0.2 mpaka 0.5.

Klore yenyewe hatukuwa wageni kwake. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 huko Mangina, mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, sisi sote wa upande wa Beni na Butembo tuliosha mikono kwa klore mlangoni mwa kanisa, sokoni, kwenye kizuizi, kila mahali. Watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walikufa. Harufu ya klore kwetu ni harufu ya miaka ile. Kuna wamama wakiisikia wanakumbuka jeneza ambalo hawakuruhusiwa kuligusa. Kwa hiyo tuliposema kwamba tutaweka klore katika maji ya kunywa, ugomvi ulianza kabla simenti haijakauka. Ilibidi tueleze kwamba maji ya kuosha mikono yale yalikuwa na milligrama 500 kwa litre, nguvu ya mara elfu moja ya tunachokitaka kwenye kikombe. Wengine walikubali. Wengine walisema watangoja waone sisi wa komite tukinywa kwanza.

Sasa tufike kwenye kosa. Fundi alipaka ndani simenti safi, akalainisha vizuri, likang'aa. Alituambia tulinyunyizie maji kila siku na tungoje majuma manne. Majuma manne! Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, mvua za mwisho zilikuwa zinaanguka, na baada yake tulijua kuna ukavu wa mwezi wa kwanza. Tulingoja siku tano. Tuliosha kuta kwa maji ya klore makali, tukasuuza, tukaelekeza mfereji wa bati ndani. Tunakiri kwamba hakuna aliyepinga. Hata koko wetu, mzee kuliko sote katika kikundi, alisema mvua haingoji simenti.

Mvua nne kubwa zikalijaza. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini. Tuliwacha maji ya kwanza ya kila mvua yamwagike nje, yale yenye mavumbi na mavi ya ndege, kama tulivyofundishwa. Tukatengeneza ile dawa ambayo waliotufundisha waliiita kwa Kifaransa jina lenye maana ya maji mama, na jina hilo tulilipenda: kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa cha HTH, kama gramu kumi na tano, katika litre moja ya maji. Unatikisa, unaacha chokaa chake kitulie chini, unatumia yale ya juu.

Kujua kiasi cha kuweka si kubahatisha. Unachukua ndoo nne za litre ishirini, zote na maji ya basini. Kwa seringi isiyo na sindano unaweka mililita moja ya maji mama katika ndoo ya kwanza, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, sita katika ya nne. Unakoroga, unangoja nusu saa kwa saa, si kwa macho, halafu unapima kila ndoo. Ile inayobaki na klore ya 0.5 au karibu yake ndiyo kipimo chako. Kwetu ilikuwa ndoo ya tatu. Mililita nne mara bidoni 250 ni mililita 1,000. Litre moja ya maji mama kwa basini zima. Tuliimwaga, tukakoroga kwa ubao, tukapima: klore 0.5. Upande wa pili maji yalikuwa mekundu kabisa, rangi ya mwisho ya safu, 8.2. Karatasi ilisema inafaa kuwa chini ya 8. Tukasema 8.2 na 8 ni ndugu. Tukafungua robine.

Siku ya kesho yake asubuhi, 8.2. Siku iliyofuata, 8.2. Tuliandika katika daftari kwa furaha, kana kwamba namba isiyobadilika ni namba ya kuaminika.

Siku ya nne watoto wawili wa nyumba moja walihara. Mama yao ni mgeni, alikimbia vita na mimba ya miezi minane, na alikuwa wa kwanza kuamini basini letu. Alikuja na mtoto mgongoni, hakupiga kelele. Alisema tu: "Mulituambia haya ni salama." Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni maji yetu, mtoto mdogo anapata mikono michafu popote. Lakini hatukuweza pia kusema si maji yetu. Tulikaa naye, tukatengeneza maji ya chumvi na sukari kwa maji yaliyochemshwa: litre moja, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Tukampa mtoto kidogo kidogo kwa kijiko mpaka jioni, halafu kwenye kituo cha afya wakampa na zinki. Wote wawili walipona. Mama yao alirudi kwenye chemchemi na bidoni yake, na familia sita za wageni zikamfuata. Kuwaona wakipita mbele ya basini letu lililojaa, saa kumi na moja asubuhi, ni kitu tusichosahau.

Aliyegundua ni koko. Hakutumia kisanduku. Alikuwa amepika maharagi kwa maji ya basini, akasema mbele ya wote: "Maharagi yangu yameiva haraka kama niliyoyatia maji ya majivu. Na sombe imebaki kijani kama haikuguswa na moto. Na chai yenu hamuoni imekuwa nyeusi?" Kisha akasugua vidole vyake: "Na maji yanateleza. Haya maji yana majivu."

Kila mwanamke hapa anajua maji ya majivu. Unachoma maganda ya ndizi, unapitisha maji katika majivu, unapata maji yanayoteleza mkononi, yanalainisha maharagi magumu. Ukiyaacha makali yanachubua ulimi. Hayo ndiyo maji yenye pe-ashi kubwa. Ndimu ni upande wa pili, pe-ashi ndogo, kama mbili. Maji ya kawaida yanakaa katikati, kwenye saba. Muganga wa kituo alipotueleza hivyo tukashangaa kwamba tulikuwa tunajua pe-ashi tangu jikoni kwa mama zetu, ila hakuna aliyetuambia kwamba ndiyo hiyo.

Lakini majivu yalitoka wapi? Yalitoka ukutani. Ndani ya simenti mpya kuna chokaa ambayo haijatulia, na inayeyuka katika maji. Na maji ya mvua ndiyo mabaya zaidi kwa hilo, kwa sababu ni matupu, hayakupita katika mawe, hayana madini ya kuyashikilia pe-ashi yake mahali pamoja. Kidogo cha chokaa kinayapandisha sana. Maji ya chemchemi yangestahimili zaidi. Sisi tulikuwa tumechukua maji matupu kuliko yote tukayaweka katika simenti mbichi ya siku tano.

Na ile 8.2? Mtoto wa mama mmoja wetu anayesoma chuo kikuu alituletea karatasi za rangi zinazopima kuanzia moja mpaka kumi na nne. Alichovya moja ikawa na rangi ya buluu. Kumi na moja. Kisanduku chetu hakikutudanganya, kinaishia 8.2 tu. Kitu chochote kilicho juu ya hapo kinaonyesha nyekundu ileile ya mwisho. Mtu ukimpima urefu kwa fimbo ya mita moja utasema kila siku ana mita moja. Siku hizi, tukiona rangi ya mwisho ya safu, juu au chini, hatuandiki namba. Tunaandika "zaidi ya".

Jambo lililotuuma kuliko yote ni klore. Tulikuwa tunapima 0.5 na klore kweli ilikuwemo. Ila klore ina sura mbili majini, moja inaua vijidudu haraka, nyingine ni mvivu. Kwenye pe-ashi ya 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Kwenye 8 ile yenye nguvu ni kama robo tu. Kwenye 9 haifiki hata sehemu moja katika ishirini. Kwenye 11 klore yetu ilikuwa imelala fofofo, na kidonge cha DPD hakitofautishi aliyelala na aliye macho, kinawahesabu wote. Ndiyo maana pe-ashi inapimwa kabla ya klore. Sisi tulifanya kinyume, kwa sababu hata jina la klore tulilijua na la pe-ashi hatukulijua.

Dawa yake ilikuwa kumwaga. Bidoni 250, katikati ya mwezi wa kwanza, mawingu hayapo.

Mkutano huo ulikuwa mbaya. Wamama wa juu ya kilima, ambao wanatembea zaidi, walisema maji haya yanafaa kuoga na kufua, yasimwagwe, na wanaotaka kunywa wachemshe. Wengine walisema kuchemsha hakuondoi chokaa, na kwamba basini lenye maji ya namna mbili, ya kuoga siku hii na ya kunywa siku ile, mtoto hatajua tofauti. Kulikuwa na maneno juu ya wageni pia, maneno ambayo hatutayaandika. Mama mmoja alisema wao ndio walioleta kiu. Yule mama mwenye watoto waliohara alikuwa amekaa mlangoni, akasikia. Koko akamwambia aliyesema: "Mwaka gani wewe ulikimbia? Mimi nakumbuka. Ulilala kwangu." Kimya kikaingia, na baada ya hapo uamuzi ukapatikana haraka.

Hatukumwaga bure. Tulitoa maji kwa siku nne, kila nyumba ikachukua ya kufua na kusafisha sakafu, na yaliyobaki fundi aliyatumia kukanda udongo wa matofali ya jiko la pamoja. Tuliwakataza kuyaweka kwenye miche ya kabichi, na mmoja hakusikia, kabichi zake zikawa njano. Kisha tukaingia ndani kwa brashi, tukasugua kuta kwa siki iliyochanganywa na maji. Siki ni ndimu ya dukani, inakula chokaa ya juu. Tulisuuza mara mbili. Wakati huo simenti ilikuwa imekwisha fikisha majuma sita, na hilo peke yake lilisaidia kuliko siki, fundi alituambia bila hata kutabasamu.

Tulijaza nusu kwa maji ya chemchemi. Bidoni 125, wanawake ishirini na watano, kila mmoja mara tano, kwa siku tatu. Tukayaacha juma zima bila kuyagusa. Karatasi ikasoma tisa. Tukayatoa tena, tukafua tena. Sasa kulikuwa na wamama walioanza kusema basini hili ni la kufulia na tukubali hivyo. Hatukuwakatalia kwa nguvu, tulichoka. Mvua ya kwanza ya mwisho wa mwezi wa pili ilitukuta tumekaa chini ya bati lilelile tukiisikiliza ikiingia ndani ya basini.

Lilipojaa tulingoja siku saba. Fenoli nyekundu ikatoa rangi ya machungwa inayoelekea nyekundu: 7.6. Tulirudia mara tatu, kila mara mama tofauti akisoma bila kuambiwa mwenzake ameona nini. 7.6. Tukafanya ndoo nne upya, kwa maana maji mapya yana kipimo chake, na safari hii ndoo ya pili ilitosha: nusu litre ya maji mama kwa basini zima.

Ingekuwa vizuri kumalizia hapo, ila kuna kosa la pili, na hili lingeweza kuumiza zaidi. Mwezi wa tatu, zamu ilipobadilika, maelezo ya maji mama yalipitishwa kwa mdomo. Kijiko kikawa kikombe. Hatumtaji aliyesema wala aliyesikia, sote tungeweza kuwa mmoja wao. Kikombe kizima cha HTH kilikorogwa na kumwagwa. Baada ya nusu saa wakapima: maji ya upande wa DPD hayakuwa na rangi hata kidogo. Meupe. Wakadhani klore imekwisha, wakajiandaa kuongeza. Lakini mmoja alikuwa na pua. Alisema, "Hakuna klore, na macho yangu yanawasha?" Wakafunga robine, wakamwita mwenye daftari.

Klore ikizidi sana inaichoma ile rangi ya waridi yenyewe, kama inavyochoma rangi ya kitenge. Kwa hiyo maji yasiyo na klore na maji yenye klore ya kupindukia yanaweza kuonekana sawa kwenye kisanduku. Njia ya kujua ni hii: chukua sehemu moja ya maji ya basini, uchanganye na sehemu tisa za maji safi yasiyo na klore, upime tena, namba utakayoona uizidishe kwa kumi. Tulipofanya hivyo waridi ikatokea, karibu mbili na nusu. Mara kumi ni milligrama ishirini na tano kwa litre, wakati Shirika la Afya Duniani linaweka mwisho wa tano kwa maji ya kunywa. Tulifungua kifuniko, jua likayapiga siku nzima, kwani jua linakula klore. Tukatoa sehemu kubwa kwa kufua nguo nyeupe (hakuna aliyelalamika), tukaongeza ya mvua. Siku ya tano tulirudi kwenye 0.4.

Tangu siku hiyo kijiko kimefungwa kwa kamba kwenye kopo la HTH, na kopo linakaa mahali pakavu, limefunikwa, mbali na jiko na mbali na watoto. Maelezo yameandikwa kwa rangi ya mafuta ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Juu kabisa tuliandika: pe-ashi kwanza. Vidonge havishikwi kwa vidole. Kisanduku kinasuuzwa kwa maji yatakayopimwa, si mengine. Asiyefika basini, aliye mbali, tumempa Aquatabs za milligrama 67, kidonge kimoja kwa bidoni moja ya litre ishirini ya maji meupe, nusu saa ndipo anywe.

Kuhusu yule mama aliyekimbia na mimba. Alijifungua mwezi wa nane mwaka ule alipofika, mtoto sasa anasimama kwa kushika ukuta wa basini. Hakurudi kwetu mara moja. Katikati ya mwezi wa tatu alikuja asubuhi bila bidoni, akasimama nyuma ya waliokuwa wanapima. Aliomba kisanduku. Akakitazama kwenye mwanga muda mrefu, akauliza rangi hii ni ipi, na hii, na kwa nini hii. Kesho yake akaja tena, bado bila bidoni. Siku ya tatu alileta bidoni mbili. Leo yeye ndiye anayefundisha zamu mpya, na ni mkali, haruhusu mtu kusoma rangi kivulini.

Wamama wa Butembo na wengine mnaojenga, mkitaka kuja kuona njooni siku ya posho, zamu ni ya wamama wa juu ya kilima na wanaanza kupima saa kumi na mbili asubuhi. Kama mnaweza, mtuletee vidonge vya fenoli nyekundu. Vya DPD tunavyo vya kutosha, ila vile vyekundu vimebaki kumi na vinne. Jana jioni daftari lilisema 7.5 na 0.4, na maji yamefika kwenye tofali la tano.